MITI YA KUNI NA MAJI YETU
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya miti na maji, nami nimekubali kwa sababu wengi wetu tulioketi hapa, kutoka Njombe hadi Makambako, tuna shamba la miti. Tunaliita benki, tunaliita pensheni. Kwa hiyo sitasema habari za watu wengine. Nitasema habari zetu.

Mti wa kuchoma si jambo geni kwetu. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa Njombe mwaka 1949, ikapanda miwati ili ipate magome ya kutengenezea ngozi. Mwaka 1995 ikaanza kuzalisha umeme kwa kuchoma kuni na mabaki ya miti, katika mtambo wa megawati 2.5. Viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni. Nasi majumbani, kwa baridi ya Juni na Julai, tunazihitaji sana. Tena kila gogo la mti wa kupandwa huuepusha msitu wa asili na shoka. Sikuja kuulaani mti.

Lakini mti huu ni zao, na zao hunywa maji. Mvua zetu huisha karibu na Mei na kurudi Novemba au Desemba. Katika kiangazi hicho nyasi hukauka, na maji yaliyo ardhini huendelea kuteremka taratibu hadi kwenye chemchemi. Mkaratusi, au mlingoti kama wengi tunavyouita, haupumziki. Mizizi yake huenda chini sana, majani yake ni mabichi mwaka mzima, na kila siku huvuta maji na kuyatoa hewani. Ukiukata, kisiki huchipua tena. Ukiupanda mlimani, hupunguza maji. Ukiupanda bondeni kando ya vinyungu, umeutia miguu kisimani.

Ndugu zangu, jambo hili limepimwa. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, bonde dogo lilipandwa mikaratusi mwaka 1969. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na umri wa miaka 16, na hata hivyo kijito kilichukua miaka mitano kurudia hali yake. Sheria ya Maji ya nchi hiyo ya mwaka 1998 inahesabu upandaji wa miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito.

Maji yetu huenda mbali. Ruhuji huteremka hadi Kilombero, kisha Rufiji. Mbarali huingia Usangu, halafu Ruaha Mkuu, Mtera na Kidatu. Yote hukutana katika Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Ni kweli kwamba Ruaha Mkuu umeelemewa zaidi na umwagiliaji wa Usangu kuliko miti yetu. Lakini aliyeelemewa haongezewi mzigo. Na hapa nyumbani, mradi wa maji wa miji 28, ambamo Njombe na Makambako zimo, utaleta mabomba. Bomba husafirisha maji, haliyaumbi.

Basi naleta maombi matatu. Kwanza, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kila mmoja akirudi nyumbani achukue kamba apime shamba lake. Pili, miti iliyo ndani ya mpaka huo ikivunwa, tung'oe visiki, tupande mivengi na miti mingine ya asili. Tatu, miti ya kuni tuipande juu, mbali na chemchemi, na kuni zenyewe tuzitumie kwa majiko yanayobana matumizi.

Najua ninawaomba fedha. Mwenye ekari 20 mlimani hatapoteza mengi. Mwenye nusu ekari bondeni atapoteza karo ya mtoto. Huyo tusimpelekee mgambo. Tumpelekee miche, tumsubiri avune, na chama chetu kimsaidie. Sisi wenye mashamba makubwa tuanze, naye atatufuata.