Mfumo wa Kuendeshea Seva Yetu
(Mazungumzo yaliyotolewa Hombolo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kamati imelijadili mara mbili bila kuafikiana. Umoja wetu unataka kukodi seva ya peke yetu, ili tovuti ya shule, masomo ya marudio na magazeti yetu ya zamani viwekwe humo. Je, iendeshwe na mfumo gani? Fedha ni michango yenu, kwa hiyo nitasema waziwazi ninavyoona.

Kwa vijana ambao neno hili ni geni: seva ni kompyuta kama nyingine, ila haina mtu mbele yake. Huwa imewashwa usiku na mchana, ikimjibu kila anayefungua tovuti. Mfumo endeshi ndio programu mama inayogawa kumbukumbu, diski na njia ya mtandao kwa programu nyingine zote. Simu yako ikikwama unaizima na kuiwasha. Seva ikikwama saa nane za usiku, mtahiniwa wa kidato cha nne aliyekesha hapati kitu, na fundi yuko Dodoma mjini amelala.

Watu wengi wakisikia mfumo "thabiti" hudhani ni ule usiokwama. Hiyo ni nusu tu. Uthabiti ninaousema mimi ni wa mambo kutobadilika ghafla. Chukueni mfano wa Debian, mfumo wa jamii ya Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Programu mpya huingia kwanza katika tawi linaloitwa, bila kuficha, tawi lisilo thabiti. Ikikaa siku kadhaa pasipo kasoro kubwa, huhamia tawi la majaribio. Hatimaye tawi hilo hufungwa lisipokee mapya, kasoro zilizobaki hurekebishwa, ndipo toleo hutolewa. Tangu hapo, likionekana tundu la usalama, aghalabu kiraka hushonwa kwenye nguo ile ile. Huletewi nguo mpya yenye vifungo mahali pengine. Wapenda vitu vipya huiona Debian imezeeka. Kwa seva, huo ndio uzuri wake.

Nusu ya pili ni umri wa matunzo, na hapa ndipo kamati yetu haikupatazama vya kutosha. Bwawa letu la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na tabu yake kubwa ni tope linaloletwa na mvua kila msimu. Mfumo nao hutolewa mara moja, lakini matundu yake hugunduliwa mwaka hata mwaka. Nani atayaziba, na hadi lini?

Mwenzetu mmoja alipendekeza CentOS, kwa kuwa aliitumia kazini miaka mingi. Namwelewa. Ilikuwa mfumo wa bure uliofuata Red Hat hatua kwa hatua, na wenye seva duniani kote waliuamini. CentOS 8 ilitolewa Septemba 2019, na watu walitarajia itunzwe hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 ikatangazwa kwamba matunzo yatakoma mwisho wa 2021. Zaidi ya miaka saba ya ahadi ikafutwa kwa tangazo moja! Ofisi moja niijuayo, ambayo sitaitaja, ilihamisha tovuti zake zote wiki ya Krismasi, mafundi wakiwa wamekatiziwa likizo. CentOS 7 nayo ilikoma Juni 2024. Anayeifunga leo anajenga nyumba isiyo na mlango.

Walioachwa hivyo walijipatia mbadala mwaka 2021: AlmaLinux na Rocky Linux. AlmaLinux 9, ya Mei 2022, imeahidiwa viraka vya usalama hadi 2032. Ubuntu 24.04, ya Aprili 2024, ina miaka mitano ya matunzo ya kawaida. Debian 13, ya Agosti 2025, itapata mitano hivi pia, miwili ya mwisho ikiangaliwa na kundi la matunzo ya muda mrefu. Windows Server ni imara, sina ugomvi nayo, ila leseni yake ingekula fedha ambazo heri zinunue diski ya kuwekea nakala za akiba.

Mimi nachagua Debian. Haina kampuni moja inayoweza kuamka asubuhi na kubadili nia. Lakini ninalo sharti. Fundi akitaka kutumia cPanel kusimamia tovuti, Debian haitafaa, maana cPanel haifungwi juu yake. Hapo tuchukue AlmaLinux. Basi tumuulize fundi kwanza, kabla ya kulipa.

Wazee wa utumishi watakumbuka kwamba kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ililetwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku baada ya kazi ya kuhamishia hesabu humo kushindwa. Miongoni mwa sababu ni uchache wa wataalamu wetu wenyewe. Nimeyataja kwa sababu ya pendekezo langu la mwisho: siku ya kuifunga seva, walimu wateue wanafunzi wawili wa kidato cha pili wakae na fundi. Wawe na daftari, waandike kila amri anayoiandika, na ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ubebe tarehe ya matunzo kukoma. Daftari libaki shuleni, nao wakimaliza wawakabidhi wengine.

Sasa niko tayari kwa maswali, nikianza na wale waliokaa nyuma.