Panki, Bondo na Dagaa wa Mchangani

Msikilizaji, sangara akishaingia kiwanda cha minofu hapa Mwanza, kinachopakiwa kwenda Ulaya ni chini ya nusu ya uzito wake. Kichwa, uti wa mgongo na nyama iliyong'ang'ania mifupani, hayo ndiyo mapanki.

Viwanda hivi viliposhamiri miaka ya 1990, panki lilikuwa mzigo tu. Wachuuzi wakalichukua kwa bei ya chee, wakalikausha, wakalikaanga, likawa kitoweo cha watu ambao sangara mzima alishawashinda bei. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria akatoa filamu yake, Darwin's Nightmare, dunia nzima ikayaona mapanki yetu. Rais Kikwete akaikemea mwaka 2006 kwamba imetuchafulia jina. Wakubwa wakabishana, mama wa mapanki akaendelea kukaanga.

Siku hizi panki linagombewa. Watengenezaji wa chakula cha mifugo wanalitaka, wakamuaji wa mafuta nao wanalitaka. Na bondo ndiyo usiseme! Kile kibofu cha hewa tumboni mwa sangara kinakaushwa, kinasafirishwa hadi Hong Kong na China, na kilo yake inauzwa kwa bei ambayo kilo ya minofu haioni hata kivuli chake.

Mtaalamu wa biashara atasema hongera, Mwanza haitupi kitu. Mimi sina haraka ya kupiga makofi. Bondo likiwa kubwa, bei inapanda, basi sangara mkubwa ndiye anayesakwa, naye ndiye mzazi anayetaga mayai kwa mamilioni. Na panki likishapata mnunuzi mwenye lori, yule wa kununua vipande viwili vya jioni anasubiri pembeni. Kwa hiyo mwenye kiwanda akitamba kwamba hana taka, tumuulize pia nani alikuwa anazila.

Lakini hasara inayoniumiza zaidi haimo viwandani. Imelala mchangani.

Nenda mialo ya Ukerewe, au Igombe hapa Ilemela, asubuhi baada ya mitumbwi kurudi. Dagaa wanamwagwa chini, juani. Jua likiwaka, jioni wanakusanywa wamekauka. Mvua ikinyesha, mzigo unaoza, au unakauka nusunusu ukiwa na mchanga, harufu imeshageuka. Dagaa wa namna hiyo akifika soko la Mwaloni Kirumba, mnunuzi wa Kongo au Zambia anamshika, anamnusa, anamrudisha guniani. Anabaki kuwa chakula cha kuku. Samaki ni yuleyule, ziwa ni lilelile, mafuta ya injini yameshachomwa usiku kucha, na fedha imeyeyuka kati ya mtumbwi na gunia.

Dawa yake inajulikana, nayo ni chanja. Nguzo, fito, na juu yake wavu. Hata wavu chakavu wa dagaa unafaa. Hewa inapita juu na chini, mchanga hauingii, na mvua ikitishia unatupia turubai. Sikatai kwamba nguzo zinataka miti, na vilima vya visiwani vimeshanyolewa vya kutosha, hivyo anayejenga chanja apande na miti.

Kwa nini basi chanja ni chache? Kwa sababu wanaoanika wengi ni akina mama wanaonunua dagaa wabichi leo ili wauze kesho, na mtaji wao wote umo kwenye ndoo. Huwezi kumwambia mtu huyo awekeze kwa ajili ya masika ijayo. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Madiwani wa Ilemela, Ukerewe na Buchosa, mkikaa kwenye vikao vyenu, ulizeni vikundi vingapi vya waanika dagaa vimepata mkopo huo kwa ajili ya chanja na maturubai, kisha mtutangazie majibu hapahapa redioni.