Simu iko, habari haifiki

Jameni, kwenye midahalo ya siasa utasikia huyu akijisifu kwamba wahudumu wa afya ya jamii karibu 100,000 walipewa simu na vifaa mwaka wa 2023. Mwenzake anajibu kwamba hiyo ni picha tu. Kuna kitu wote wawili wanakiruka.

Mamangu aliruhusiwa kutoka hospitali baada ya kiharusi. Tulipewa karatasi moja (mwandiko wa daktari mnaujua) na mfuko wa dawa. Mhudumu wetu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ana simu ya kazi na mashine ya kupima presha. Alijua mama amerudi siku ya tisa, tena kwa kukutana nami dukani. Kupima, presha iko juu. Kumbe dawa moja hatukuwa tumeinunua, tulidhani ni ileile kwa jina lingine.

Hospitali ina kompyuta, yeye ana simu, na hazisemezani. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataka mfumo mmoja wa taarifa. Lakini hospitali ile ni ya kaunti, na posho ya mhudumu, Sh5,000 kwa mwezi, hugawanywa kati ya kaunti na serikali kuu. Kila upande unaonyesha mwingine kidole.

Mgombea akikuhesabia simu, muulize: mgonjwa akiruhusiwa Ijumaa jioni, na amekubali habari zake zitumwe, Jumamosi nani anajua? Mimi niliuliza. Nikaambiwa swali ni zuri, tukaendelea na mambo ya barabara.