Tembe Ndogo Ninayoijenga Nyumbani

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanakisomo, Bahi)



Mwalimu wetu ameniomba nieleze kazi ninayoifanya jioni pale barazani kwangu. Wengine mmepita mkaniona nimeinama, nakata vijiti kwa kisu, mkasema mzee amerudi utotoni, sasa anacheza mchezo wa baba na mama. Haya. Ni kinyumba kweli, tena kidogo, kimekaa juu ya ubao wa mlango mbovu. Lakini simjengei mwanasesere. Ninajenga tembe ya baba yangu.

Jambo hili lilianza kwa mjukuu wangu. Alitoka shuleni akaniuliza, "Babu, tembe ni nini?" Nikamwambia ni nyumba yetu Wagogo, ya udongo, paa lake limelala tambarare. Akauliza tena, "Na mvua ikinyesha?" Nikamjibu, ila niliona hajaelewa. Nimpeleke wapi akaione? Tembe bado zipo, lakini si nyingi. Hapa kwetu siku hizi ni bati tu. Ipo tembe ya Kigogo katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kando ya barabara ya Bagamoyo, pamoja na nyumba za makabila mengine. Lakini jamani, nauli ya kwenda huko na mtoto ni mpunga kiasi gani?

Na tembe yetu wenyewe haipo. Tulihama mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma. Mimi nilikuwa na miaka kama 10. Tulikwenda kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa kwa mistari. Kule tulikotoka, udongo ulirudi kuwa udongo.

Basi, kazi yenyewe. Nilichukua daftari langu la kisomo, nikaamua kwamba mita 1 ya nyumba itakuwa sentimita 5 juu ya ubao. Ukuta wa mita 10 ukawa sentimita 50. Mlango wa mita 1 na nusu, ule ambao mtu mzima lazima ainame kupita, ukawa sentimita 7 na nusu. Hesabu hii si ngumu, lakini iandikwe. Mimi ukuta wa kwanza niliukadiria kwa macho tu, na ng'ombe wangu wa udongo akawa mrefu kuliko paa!

Nikachimbia vijiti, ndizo nguzo. Juu ya nguzo nikalaza boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito majani, kisha udongo. Hapo ndipo niliposhindwa. Paa la kwanza lilipasuka siku ya pili yake. Paa la pili nikaongeza udongo, fito zikapinda, likaanguka ndani. Nikakaa nikafikiri. Ndipo nikakumbuka kwamba uzito wa paa la tembe haubebwi na ukuta. Wenye kubeba ni nguzo. Ukuta ni fito zilizokandikwa tu. Nikaongeza safu ya nguzo katikati, likasimama.

Mjukuu aliuliza kwa nini tulijibebesha mzigo huo. Nikamwambia: jua. Mchana bati linatufukuza ndani, tunakimbilia chini ya mti. Ndani ya tembe palikuwa na ubaridi, kwa sababu jua halipenyi udongo mnene namna ile upesi. Na mvua zetu ni chache, zinakuja miezi michache tu ya mwaka. Ila kila mwaka kabla ya mvua ilibidi kupanda juu kuongeza udongo. Mkizembea, usiku mnalowa wote.

Kuhusu nyufa, aliyenitoa ni mama. Mama yangu yuko hai, miaka yake imepita 80, na macho hayaoni tena. Nilimpa donge la udongo mkononi. Akalifinya, akasema, "Huu ni mfinyanzi mtupu. Tia mchanga na mavi ya ng'ombe." Kukandika ilikuwa kazi yao wanawake, sisi wavulana tulikuwa machungani. Nikafanya alivyosema. Paa la tatu halijapasuka mpaka leo.

Siku nyingine nikamwekea nyumba yote mbele yake. Akaipapasa polepole. Aligusa zizi katikati ya ua. Aligusa miiba niliyozungushia upande ulio wazi, ikamchoma, akacheka. Akaingiza kidole mlangoni, chumba cha mbele, halafu kile cha ndani, kugati, alimokuwa akilala. "Kihenge changu kiko wapi?" Nikasema nitakifuma. Akafuata ukuta kwa vidole mpaka mwisho, akarudi nao. Kisha akauliza, "Na mwenzangu alilala wapi?"

Ndugu zangu, nilinyamaza. Baba alikuwa na wake 2. Mama mkubwa alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa ua, vyumba 2 kama vya mama. Siku za kuhama sisi tulikuja huku, yeye na wanawe wakaenda kwingine. Yalisemwa maneno juu ya ng'ombe, na tangu hapo hatutembeleani. Nilikuwa nimepima kila kitu kwa sentimita, na upande ule nikaweka ukuta mtupu. Siwezi kusimama hapa niwaambie kwamba nilisahau.

Ukuta ule nimeubomoa. Nguzo za nyumba ya mama mkubwa zimekwisha simama. Lakini sikumbuki kama mlango wake ulikuwa karibu na zizi au karibu na lango la ua, na mama naye hana hakika. Anayejua ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, kwa maana alilala mle. Namba yake ya simu ninayo. Nikaona heri nimwandikie barua. Ndani nimemchorea ua wetu, upande wao nimeuacha wazi, nikamwomba auchore mwenyewe kisha airudishe karatasi.

Barua ilikwenda Jumatatu, nilimpa kijana wa basi. Jibu bado. Fito nimeziloweka kwenye ndoo ya maji, zisije zikakauka kabla halijafika.