Mawazo, miguu na sahani



Mu 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walilala ku gare ya Likasi kungojea treni. Wengi wetu tulikuwa pale. Tulirudia, lakini mawazo ya siku zile nayo ilirudia. Kuko mwenye halali usiku, kuko mwenye hatoke tena ku nyumba.

Hii si uvivu, si uchawi. Kichwa ni sehemu ya mwili, inahitaji usingizi, mwendo na chakula. OMS inaomba mtu mzima dakika 150 kwa juma, ndiyo nusu saa mu siku tano. Kwenda soko kwa miguu na kulima, byote binahesabiwa.

Ku sahani, utafiti mudogo wa Australia, wa 2017, ulifuata watu 67 wenye huzuni kubwa. Kisha majuma 12, ku wenye walibadilisha chakula, karibu mmoja kati ya watatu alipona. Walikula mboga, maharagi, samaki, matunda. Kwetu lengalenga, sombe na ndakala biko. Bukari peke yake haitoshi. Na lutuku inalalisha mutu, lakini inaharibu usingizi.

Ombi langu: kila mmoja apitie jirani mmoja asubuhi, batembee pamoja. Akisema anataka kufa, musimuache peke yake, mumusindikize ku kituo cha afya siku ileile. Wafadhili, mutuletee mbegu za mboga.