Mwanauchumi wa Serikali na Haki ya Kupinga



Mada tuliyopewa ni mtumishi wa umma na ukweli. Sisi wanasheria tungeweza kuieleza kwa vifungu pekee, lakini sheria hueleweka vyema zaidi ikipimwa kwa maisha ya mtu. Tumemchagua Barack Hussein Obama, mwanauchumi mwandamizi wa Serikali ya Kenya aliyefariki mwaka 1982. Ulimwengu unamfahamu kama baba wa Rais wa 44 wa Marekani. Hapa tunamkumbuka kwa kazi yake mwenyewe.

Alizaliwa Nyanza katika miaka ya 1930, na shule aliyosomea ni Maseno. Mwaka 1959 alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii. Wengi husema alisafiri kwa ile ndege ya wanafunzi iliyopangwa na Tom Mboya. Sivyo, ingawa wawili hao walifahamiana vyema. Alihitimu masomo ya uchumi mwaka 1962, akaendelea Harvard, na mwaka 1964 akarejea nyumbani kabla ya kukamilisha shahada ya udaktari.

Aprili 1965 Serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi wa Kenya. Waziri wa mipango ya uchumi alikuwa Mboya, na waraka ulibeba kauli ya Rais Kenyatta. Ulikusudiwa kuyakomesha mabishano. Lakini Julai mwaka huo huo, jarida la East Africa Journal lilichapisha uhakiki wa waraka huo, na chini yake jina la Obama.

Aliuliza nini? Waraka ulisema kwamba jamii ya Kiafrika haikuwa na matabaka. Obama akauliza: hata kama ndivyo, ni kitu gani kitakachozuia matabaka yasizuke kesho? Aliona biashara ya Nairobi imo mikononi mwa wageni, akataka kujua ni lini mwananchi atashika chake. Kuhusu ardhi, alipendelea ushirika kuliko hati ya mtu mmoja mmoja. Hata alidai kwamba, kinadharia, hakuna kinachozuia Serikali kutoza mapato yote kodi, mradi wananchi warudishiwe manufaa yanayolingana nayo. Hapo wengi wetu hatutamfuata. Lakini hatukuja kumtetea katika kila hoja. Tunachosema ni kwamba alimpinga rafiki yake mwenye cheo, hadharani, kwa hoja, naye hakujificha.

Na waraka ule ulistahili kuulizwa. Ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako zingezaa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Maeneo kame ya kaskazini yalibaki nyuma. Ilipita miaka 45 kabla ya Katiba ya 2010, katika kifungu cha 204, kuanzisha Hazina ya Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, ili kuwafikishia maji, barabara, afya na umeme watu waliosahauliwa. Swali lisilojibiwa mapema hulipiwa baadaye, na mlipaji ni maskini.

Obama alifanya kazi Benki Kuu, kisha katika Shirika la Maendeleo ya Utalii. Julai 5, 1969, Mboya alipigwa risasi katika barabara iliyoitwa Government Road. Obama alikuwa amezungumza naye hapo muda mfupi kabla, na katika kesi ya muuaji alisimama kizimbani kama shahidi. Baadaye alipoteza kazi, akakaa miaka kadhaa bila cheo, kisha akapata nafasi tena katika Wizara ya Fedha. Wako wanaosema kilichomwangusha ni ulimi wake, na wako wanaosema ni pombe. Kwamba alikunywa sana na kupata ajali mara kwa mara, hilo halifichwi. Alifariki katika ajali ya gari Nairobi, Novemba 1982.

Tuutazame mwaka huo. Juni 1982 kifungu cha 2A kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Katiba ya wakati ule ilisema kwamba mtumishi wa Serikali hushika kazi kwa ridhaa ya Rais, isipokuwa pale sheria inapoelekeza vingine. Mwaka 1986 Mkuu wa Sheria na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa kinga ya ajira yao, na mwaka 1988 majaji vilevile. Mwaka 1965 kijana aliweza kuuhakiki waraka wa Serikali kwa jina lake. Miaka ishirini baadaye, mtaalamu mwenye watoto wa kusomesha alijifunza kutikisa kichwa na kutia sahihi. Nchi ilikuwa na wanauchumi hodari. Iliyokosa ni masikio.

Leo kifungu cha 236 cha Katiba kinamkataza yeyote kumwonea mtumishi wa umma kwa kuwa ametimiza kazi yake kwa mujibu wa sheria, na hafukuzwi bila utaratibu wa haki. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Lakini kifungu hakiwezi kusimama peke yake. Mhasibu wa kaunti anayekataa kutia sahihi hati ya uongo pengine huketi nasi kanisani Jumapili, akiwa peke yake na hofu yake.

Basi tukitoka hapa, tufanye mambo mawili. Bajeti inapoletwa kwa maoni ya wananchi, tuhudhurie, tuulize ni nani atakayefaidika na ni nani atakayeachwa. Na tukimjua mtumishi anayeteswa kwa kusema kweli, tumtembelee kabla hajafukuzwa, tumtafutie wakili, tusingoje kumsifu kaburini.