Limau Nyumbani: Lifanyalo na Lisiloweza



Msimu wa malimau ukifika, bei hushuka na mengi huozea chini ya miti. Leo nawaomba tusiyatupe.

Tuanze na chakula. Ukishaepua maharagwe au mchicha, kamulia limau. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga hizo, na wajawazito na watoto wanayahitaji sana. Samaki naye, mpake limau na chumvi, shombo hupungua.

Birika likishika ukoko mweupe kwa sababu ya maji ya chumvi, katia limau moja, jaza maji, chemsha, acha saa moja, kisha sugua na usuuze. Doa la kutu kwenye nguo nyeupe, lipake limau na chumvi, anika juani, halafu fua.

Lakini hapa tusikosee: limau si njia ya kutegemewa ya kusafisha maji ya kunywa wala ya kuzuia kipindupindu. Chemsha maji mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kama ilivyoelekezwa na ungoje dakika 30. Ukitaka limau, likamulie baadaye.

Pia, usichanganye limau na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hutoa gesi ya sumu.

Na mtu akiharisha sana, tusimtibu kwa limau. Mpeni maji ya ORS mkimpeleka kituo cha afya mara moja.